Marudio ya makaa ya mawe: madini adimu yamo, ila yanatoka kwa dawa gani?

Mjomba wangu amezeekea Makongolosi, kule Chunya, na maisha yake yote ameyahesabu kwa gramu kwa tani. Ukimwonyesha rundo la mchanga hakuulizi limetoka wapi, anauliza limepitishwa mara ngapi. Basi majuzi nilimsikilizisha sauti iliyokuwa inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu alikuwa anahubiri kwamba majivu ya makaa ya mawe ya migodi yetu ya Kiwira na Ngaka yana madini adimu, yale ya kutengenezea simu, magari ya umeme na makombora, kwamba Wamarekani wameshajua, na kwamba sisi tunayamwaga. Mjomba hakushtuka hata kidogo. Aliuliza maswali mawili tu.

"Gramu ngapi kwa tani? Na yanatoka kwa dawa gani, mpwa wangu?"

La kwanza nililijibu palepale. La pili nilibabaika, nikaomba nirudi nyumbani nikasome.

Kwa msomaji wa Iringa au Njombe ambaye hajawahi kukaa machimboni, nieleze kwanza marudio ni nini. Jiwe la dhahabu linasagwa, linapitishwa kwenye mwalo, zebaki inakamata chembe zinazokamatika. Mchanga unaobaki haumwagwi. Unarundikwa, unauzwa kwa tripu, kisha mwenye mtaji anaulaza kwenye matenki yenye maji ya sayanaidi. Dawa ile inayeyusha dhahabu iliyokuwa imejificha, na kaboni inainasa. Mwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe, anauita mchanga huo uchafu, mwenye matenki anauita mtaji.

Wazo la kupata madini adimu kwenye makaa ya mawe ni marudio matupu. Mwamba umeshachimbwa kwa ajili ya nishati, umeshasagwa, umeshachomwa, na gharama hizo zote kalipa mwingine. Kilichobaki ni rundo la majivu nyuma ya kituo cha umeme, na ndani yake mna kitu chenye soko. Hapo ndipo mtu wa WhatsApp anapoishia, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Ukoo wa watu kumi na saba

Tuanze na vitu vyenyewe. Pale Mwanjelwa, Mbeya, nilimkuta fundi kompyuta akivunja diski ya kompyuta iliyokufa. Alitoa vipande viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga, vinang'aa kama vimepakwa kromu, kila kimoja hakizidi urefu wa kidole gumba. Alikiweka kimoja juu ya meza na kukisogeza cha pili polepole. Kilipofika kama upana wa vidole vitatu, kile cha kwanza kiliruka chenyewe kikagonga mwenzake kwa kishindo. "Kidole kikiwa katikati," alisema, "utamtaja mama yako." Kuvitenganisha ilibidi atumie bisibisi na ukingo wa meza.

Hiyo ni sumaku ya neodimi, mchanganyiko wa neodimi, chuma na boroni uliobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ndiyo inayotikisa simu mfukoni, inayosukuma spika ndogo za masikioni na inayozungusha mota za magari mengi ya umeme. Tatizo lake ni joto, kwani mota ikichemka sumaku huanza kulegea. Dawa ya hilo ni kuongeza kiasi kidogo cha disprosi au terbi, ndugu wawili wazito wa ukoo huohuo, ambao ni ghali zaidi.

Ukoo mzima una elementi 17. Kuna skandi, kuna itri, na kuna nyingine 15 kuanzia lanthani hadi luteti, zile ambazo vitabu vya sekondari huzichapa kwenye mstari wa pembeni chini ya jedwali kana kwamba mchapaji alikosa nafasi. Mwalimu wetu wa kemia alizipita kwa dakika mbili, na simlaumu, maana kwenye mtihani hazikuwa zinatoka.

Jina linapotosha. Neno "ardhi" katika "elementi adimu za ardhi" limetoka kwa wanakemia wa karne ya 18, walioita ardhi unga wowote usioyeyuka majini wala kubadilika motoni. Mwaka 1787 luteni wa jeshi la Sweden, Carl Axel Arrhenius, aliokota jiwe jeusi, zito, kwenye machimbo ya Ytterby karibu na Stockholm. Mwaka 1794 Johan Gadolin akakuta ndani yake "ardhi" mpya. Machimbo hayo madogo yameacha majina kwenye elementi nne: itri, iterbi, terbi na erbi. Na huo uadimu nao una walakini. Seri, mmoja wa ndugu hao, imo kwenye ganda la dunia kwa kiasi kinachokaribia cha shaba. Hata tuli, ambayo ni haba kuliko karibu zote, ni nyingi kuliko dhahabu kwa zaidi ya mara mia.

Uadimu wake ni wa namna nyingine. Mara chache hukusanyika mahali pamoja kwa wingi, na zikikusanyika hukaa zote kwa mpigo, zimefanana kiasi kwamba kuzitenganisha ni adhabu. Nitarudi kwenye adhabu hiyo.

Zilifikaje kwenye makaa

Makaa ya Kiwira, Ngaka na Mchuchuma ni ya zama za Karoo. Tunazungumzia zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, wakati Afrika ilikuwa bado imeshikana na India, Australia na Amerika ya Kusini. Palikuwa na mabonde yenye vinamasi, mimea ikaanguka humo na kuzikwa kabla haijaoza yote. Mito nayo ilikuwa inaleta tope. Ndani ya tope kulikuwa na udongo wa mfinyanzi na chembe ndogo za madini ya fosfati kama monaziti, ambayo ni makazi ya kawaida ya madini adimu. Sehemu nyingine iliingia na maji ya chini ya ardhi, na nyingine ikajishikiza kwenye mabaki ya mimea yenyewe.

Kwenye baadhi ya maeneo ya makaa duniani, hasa kusini magharibi mwa China, majivu ya volkano pia yaliangukia vinamasi hivyo na kugeuka tabaka jembamba la udongo lenye utajiri kuliko makaa yanayolizunguka. Picha ya jambo hilo tunayo hapa nyumbani. Barabara inapokata mlima karibu na Tukuyu utaona mkanda wa mawe mepesi ya pumisi, yale yanayoelea ukiyatupa majini, uliomwagwa na mlipuko wa Mlima Rungwe kama miaka 4,000 iliyopita. Ila mtu asije akasema Rungwe ndio ulitia utajiri makaa ya Kiwira. Rungwe ni mtoto wa jana. Makaa yalikuwa yameshazikwa na kugeuka jiwe mamilioni kwa mamilioni ya miaka kabla yake.

(Na kwa wageni: Kiwira ya makaa siyo ile Kiwira ya ndizi pale barabarani Rungwe. Mgodi wenyewe uko chini kule, upande wa Ileje na Kyela, na siku hizi unasimamiwa na STAMICO, shirika la serikali la madini. Nimewahi kumsubiri mtu sokoni Kiwira saa nzima kwa kosa hilo.)

Sasa gramu kwa tani. Wastani wa makaa ya dunia ni karibu gramu 68 za madini adimu, yote pamoja ukiacha skandi, katika tani moja. Wastani wa majivu ni karibu gramu 400. Tofauti hiyo inaelezeka kwa mtu yeyote aliyewahi kuona chumvi ikichemshwa Ivuna. Maji yanapaa, chumvi inabaki kwenye chungu. Makaa yakiwaka, kaboni ndiyo inayoondoka kwa njia ya bomba la moshi. Madini adimu hayapai kwa joto lile, kwa hiyo yanabaki kwenye kilichosalia. Makaa yanayoacha majivu kidogo hukoleza zaidi. Makaa ya zama za Karoo kwa kawaida huacha majivu mengi kwa sababu yana udongo mwingi, basi ukolezaji wake ni mdogo, japo udongo huohuo ndio uliobeba mzigo tangu mwanzo.

Gramu 400. Mjomba aliposikia namba hiyo alikaa wima. Kwenye dhahabu, mtu wa marudio anaamka alfajiri kwa gramu mbili.

Ndipo nikamwambia bei. Kwa bei za mwaka 2025, gramu moja ya dhahabu ilipita dola 100 za Marekani, na kilo nzima ya oksidi ya neodimi na praseodimi, ile inayotafutwa kwa sumaku, haikufika hapo. Tena katika zile gramu 400, sehemu kubwa ni seri na lanthani, ambazo huuzwa kwa dola chache sana kwa kilo. Neodimi na praseodimi ni kama gramu 90 tu, disprosi kama 12. Ukizitoa zote bila kupoteza hata chembe, jambo lisilowezekana, ile neodimi na mwenzake zinakupa chini ya dola tisa kwa tani ya majivu. Hujanunua tindikali bado.

Mjomba akaegemea tena kiti.

Kioo

Hapa ndipo swali la dawa linapouma.

Ndani ya tanuri la kituo cha umeme, makaa yaliyosagwa kama unga wa sembe hupulizwa na kuwaka kwa joto linaloweza kuzidi nyuzi 1,300. Udongo uliokuwa ndani ya makaa unayeyuka, unakuwa matone, na matone yakiingia kwenye hewa ya baridi ya bomba yanaganda kwa ghafla. Ukiweka majivu hayo chini ya hadubini unaona shanga: duara, laini, nyingine tupu ndani, ndogo kuliko vumbi la barabarani kiangazi. Ni kioo. Na madini adimu yamefungiwa ndani ya kioo hicho, yametawanyika.

Mtu wa dhahabu ana bahati. Chembe yake, hata iwe ndogo vipi, ni dhahabu kamili. Ukisaga jiwe vya kutosha uso wake unafunuka, sayanaidi inaugusa, kazi inaendelea. Kwenye shanga ya majivu hakuna chembe ya kufunua. Jaribu kuloweka kipande cha chupa ya soda kwenye siki mwezi mzima uone kama kitapungua. Ili utoe kilichomo ndani ya kioo, inabidi ukivunje kioo chenyewe kikemia.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipima jambo hili na kuchapisha mwaka 2016. Majivu ya makaa ya milima ya Appalachia ndiyo yaliyokuwa na madini adimu mengi zaidi, karibu gramu 590 kwa tani. Majivu ya bonde la Powder River, magharibi, yalikuwa na karibu gramu 340 tu. Kwa hesabu ya kawaida Appalachia imeshinda. Walipoyaloweka kwenye tindikali ya naitriki, yale ya Powder River yalitoa kama asilimia 70 ya yaliyomo, ya Appalachia karibu asilimia 30. Zidisha mwenyewe: maskini kamzidi tajiri. Sababu ni kwamba majivu ya Powder River yana kalisi nyingi, ambayo huyeyuka upesi kwenye tindikali na kuiacha shanga wazi, wakati ya Appalachia ni kioo kigumu cha silika na aluminiamu.

Mfano wa pili unatoka kusini mwa China. Huko kuna udongo uliotokana na miamba ya granite iliyooza kwa mvua na joto, wenye madini adimu kati ya gramu 500 na 2,000 kwa tani. Siyo mbali sana na majivu. Lakini udongo ule ndio umekuwa chanzo kikubwa cha disprosi na terbi duniani kwa miaka mingi, kwa sababu madini yamejishikiza tu kwenye uso wa chembe za udongo. Unamwagia maji yenye chumvi ya amonia, yanaachia. (Milima iliyomwagiwa hivyo na vijito vilivyoharibika ni habari nyingine, na si ya kujivunia.)

Kwa hiyo watafiti wa majivu wamekuwa wakitafuta namna ya kuvunja kioo kwa bei nafuu. Wapo wanaochoma majivu upya pamoja na soda kali ndipo waloweke kwenye tindikali. Chuo Kikuu cha Rice, Texas, mwaka 2022 kilionyesha njia ya kupitisha umeme wa ghafla kwenye majivu yaliyochanganywa na kaboni: joto linapanda hadi karibu nyuzi 3,000 kwa muda wa kama sekunde moja, kioo kinapasuka, na tindikali dhaifu inatosha kutoa kiasi maradufu. Ni kazi nzuri. Kutoka kwenye chupa ya maabara hadi tani elfu kwa siku ni mwendo mrefu, na anayesema vinginevyo anauza hisa.

Kutenganisha mchele wa Kyela na wa Usangu

Tuseme kioo kimevunjika. Ulicho nacho sasa ni supu, na ndani ya supu hiyo chuma, aluminiamu na kalisi vimeyazidi madini adimu kwa mamia ya mara. Kalisi inakula tindikali kabla haijafika unakotaka. Unapunguza uchachu taratibu kwa chokaa au magadi ili chuma kitulie chini kwanza, kisha aluminiamu, ukiomba madini adimu yasifuatane nao. Mengine hufuatana.

Ukivuka hapo ndipo unafikia ile adhabu niliyoitaja. Ndugu hawa 15 wanatofautiana kwa elektroni zilizojificha ndani kabisa ya atomu, siyo zile za nje zinazofanya kazi ya kemia. Kwa nje wanafanana. Kinachowatofautisha ni ukubwa: kila unapokwenda mbele kwenye mstari, atomu inasinyaa kidogo sana. Chukua gunia la mchele wa Kyela, ulichanganye na la Usangu, kisha mwambie mtu atenganishe kwa kupepeta. Akirusha ungo mara moja, labda punje za huku zimeelekea kushoto kidogo. Akirusha tena, kidogo tena. Baada ya mara mia kadhaa ana mafungu mawili yanayoaminika.

Kiwandani ungo ni mafuta ya taa yenye kemikali inayopenda kidogo zaidi atomu ndogo kuliko kubwa. Supu na mafuta vinakorogwa, vinaachwa vijitenge, vinahamishiwa tangi linalofuata, vinakorogwa tena. Mtambo kamili una mamia ya matangi kwa mstari, na ukibadilisha kitu kidogo tangi la kwanza utasubiri wiki kuona matokeo yake mwisho wa mstari. China ndiyo iliyoijua kazi hii kuliko wote. Inachimba karibu asilimia 70 ya madini adimu ya dunia, ila inasafisha kama asilimia 90. Mwaka 2010 Japani ilionja uchungu wake pale shehena zilipokwama baada ya mzozo wa visiwa kati yake na China, na Aprili 2025 China iliweka vibali vya kuuza nje elementi saba, disprosi na terbi zikiwemo.

Hapo utaelewa kwa nini Marekani inahangaika na majivu. Tangu 2014 Wizara yao ya Nishati imekuwa ikigharimia utafiti wa kutoa madini adimu kwenye makaa na mabaki yake. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin walikadiria kwamba majivu ya nchi nzima yana hadi tani milioni 11 za madini adimu. Ile sauti ya WhatsApp naamini imezaliwa na habari hiyo, ikapata ndevu njiani. Kwao hesabu ina mambo mawili ambayo dola tisa zangu hazikuyaonyesha: usalama wa taifa, na ukweli kwamba makaa yana mgawo mzuri wa ndugu wazito, ambao migodi mingi ya kawaida haina.

Sasa majivu yetu yako wapi?

Swali hili sikulisikia kwenye ile sauti, na ndilo lililonishangaza nilipolifuata.

Simama Uyole utayaona malori yenye turubai jeusi yakipanda kutoka Kyela. Makaa mengi ya kusini huenda kwenye viwanda vya saruji: cha Songwe nje kidogo ya Jiji la Mbeya, cha Mtwara, na vingine pwani. Tanuri la saruji halifanani na boila la umeme. Makaa yanachomwa ndani ya tanuri lilelile ambamo chokaa na udongo vinaokwa, na majivu yake yanadondokea humo na kuwa sehemu ya klinka, yale mawe madogo yanayosagwa kuwa saruji. Hakuna rundo nyuma ya kiwanda. Madini adimu ya makaa ya Kiwira yamo kwenye kuta za nyumba za Iyunga na Ilomba, na hakuna atakayebomoa nyumba kwa gramu hizo.

Mengine yanauzwa nje. Tangu vita ya Ukraine ilipopandisha bei mwaka 2022, makaa ya Ruvuma yamekuwa yakiteremka Mtwara na kupakiwa melini. Majivu yake yamo kwenye marundo ya watu wengine. Kituo cha umeme kilichojengwa mgodini Kiwira kilikuwa cha megawati 6, na hata kama kingewaka mfululizo kingetoa majivu ya maelfu machache ya tani kwa mwaka. Maelfu machache mara gramu 400 ni tani moja, mbili, tatu za mchanganyiko wa ndugu wote, kabla ya upotevu. Mtambo wa matangi mamia haujengwi kwa mzigo huo.

Na hapo hatujataja jirani. Kama kilomita 150 kaskazini mwa Mbeya, mkoani Songwe, uko mlima Ngualla. Ni mwamba wa kabonatiti, jiwe la chokaa lililotoka tumboni mwa dunia likiwa moto, ndugu wa Panda Hill unayopita ukienda uwanja wa ndege wa Songwe, ambayo sifa yake ni metali iitwayo niobi. Akiba iliyopimwa Ngualla ni tani milioni 18.5 zenye asilimia 4.8 ya oksidi za madini adimu. Hizo ni kilo 48 kwa tani, zaidi ya mara mia ya majivu. Serikali ilitia saini mkataba Aprili 2023 na kampuni ya Australia, Peak, ikichukua hisa asilimia 16 bila kulipia. Mwaka 2025 Peak yenyewe ikanunuliwa na Shenghe ya China. Mpango ni kuzalisha makinikia, na kazi ya kutenganisha ndugu ifanyike kwingine. Watanzania neno makinikia tulilijua vizuri mwaka 2017, hivyo sina haja ya kulieleza.

Ngualla ina upungufu mmoja: ndugu wazito ni wachache sana. Kwa upande huo makaa yana hoja. Lakini mtu mwenye mtaji akiambiwa achague kati ya kilo 48 za kuchekecha na gramu 400 za kuvunja kioo, hatachukua muda kufikiri.

Kinachobaki

Nilidhani mjomba angefunga mjadala hapo. Badala yake aliuliza kuhusu mawe yanayotupwa kabla ya kuchoma.

Ana jicho. Tabaka la makaa huwa limekatwakatwa na mikanda ya udongo mgumu wa kijivu, na chini na juu yake upo mwamba wa namna hiyohiyo. Mchimbaji anautenga na kuutupa kwa sababu hauwaki. Huko Kentucky wamefanya kazi na mawe haya kwa miaka, kwa sababu moja nyepesi: hayajapita motoni, hayajawa kioo. Mengine yakichomwa kwa joto la wastani, karibu nyuzi 600, udongo unalegea na tindikali ya kawaida inafanya kazi bila kuvunja mkono. Sehemu kama Kabulo (kule Kiwira), Ngaka na, siku ikifunguliwa, Mchuchuma, zina mawe ya namna hii kwa wingi kuliko zilivyo na majivu.

Cha pili ni maji. Makaa yenye salfa huwa na madini ya chuma na salfa yanayometa kama dhahabu. Yakikutana na hewa na maji yanazaa tindikali, na maji yanayotoka mgodini yanageuka rangi ya kutu. Kijito kinakufa. West Virginia wanatibu maji hayo kwa chokaa, na tope linalotulia chini limekutwa na madini adimu, wazito wakiwemo, kwa kuwa tindikali ya asili imeshaloweka mwamba bure kwa miaka. Gharama ya kutibu maji ipo kisheria hata kama tope halina thamani, kwa hiyo chochote kinachotoka humo ni faida. Nadhani hii ndiyo njia yenye akili kuliko zote nilizosoma. Tatizo kwetu ni kwamba makaa ya zama za Karoo kwa kawaida hayana salfa nyingi kama ya Appalachia, hivyo maji ya namna hiyo hayapatikani kila mgodi.

Nilipomaliza, mjomba alikuwa ameshika kipande cha jiwe la kijivu nilichookota kando ya barabara ya Kyela, kilichodondoka kwenye lori. Alikikwangua kwa kucha, akaona unga mweupe, akakinusa.

"Hiki unakipeleka maabara," alisema. "Dodoma wapo wanaopima. Lakini usiwaombe jibu moja."

Alimaanisha hivi. Maabara inaweza kuyeyusha jiwe lote kwa dawa kali na kukuambia jumla ya kilichomo. Inaweza pia kuliloweka kwenye tindikali dhaifu na kukuambia kilichoachia. Kila siku mtu anakuja Makongolosi na karatasi ya jibu la kwanza, ameuza ng'ombe kununua mchanga, kisha matenki yanatoa robo. Nilimuuliza majibu mawili yanagharimu kiasi gani. Akacheka, akanirudishia jiwe, akasema bei sijui, ila utakayemlipa kwanza ni yule wa pili.